Fundi, mnara wako hauna kasoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Dodoma, kazi yangu kubwa ni vitanda na makabati. Mwezi uliopita mama mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya mchezo wa mnara: vijiti vitatu vimesimama kwenye ubao, na visahani vya mbao vimepangwa kwenye kijiti kimoja, kikubwa chini, kidogo juu. Akaniomba nimtengenezee wa visahani saba kwa ajili ya mwanawe wa darasa la sita. Niliutengeneza kwa mninga, akalipa, akaondoka amefurahi. Wiki iliyofuata karudi nao. Anasema una kasoro. Mtoto anao mwingine wa plastiki wenye visahani vinne, ule mnara unahamia kijiti cha kulia vizuri tu. Lakini wa kwangu, akiucheza kwa mtindo uleule, mnara unaishia kijiti cha katikati. Anataka nirekebishe au nimrudishie hela yake. Nimepima kila kitu, sioni kosa. Kosa liko wapi? Na nitaukaguaje mchezo kama huu kabla ya kuuza? Maana nikisema niucheze mwenyewe mpaka mwisho, jua linazama. Kuna mteja mwingine anataka wa visahani kumi.

Jibu: Marahaba, fundi. Hela usirudishe, na randa usiiguse. Mnara wako ni mzima. Saba ni namba witiri na nne ni namba shufwa, mtoto amekwama hapo tu. Lakini ukimjibu mteja hivyo kavukavu ataona unamzungusha. Kwa hiyo ngoja nikueleze mpaka uweze kumwonyesha mwenyewe, juu ya meza yako ya kazi, akiwa amesimama hapo.

Mchezo huo unaitwa Mnara wa Hanoi, na sheria zake unazijua: unahamisha kisahani kimoja kwa wakati mmoja, kile cha juu tu, na kikubwa hakikai juu ya kidogo. Mnara wote utoke kushoto ufike kulia. Basi.

Nilipokuwa nafundisha hesabu sekondari, upande wa Kongwa, hatukuwa na mchezo wenyewe wala mbao za kuutengenezea. Nilikuwa naazima sufuria jikoni. Umeshaona sokoni Majengo seti ya sufuria zilivyomezana, ndogo ndani ya kubwa, ndani ya kubwa zaidi? Huo ndio mnara wako, umegeuzwa tu. Nilichora duara tatu kwa chaki sakafuni, seti nzima ikakaa kwenye duara la kushoto. Uzuri wa sufuria ni kwamba sheria huhitaji kuisimamia. Kubwa haiingii ndani ya ndogo hata ukiilazimisha, na ya nje huwezi kuihamisha peke yake kabla hujaitoa iliyo ndani. Mpishi wa shule alinuna wiki nzima, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanarudisha sufuria zina chaki, lakini darasa lilielewa kwa kipindi kimoja kitu ambacho ubaoni kingenichukua wiki.

Walichokielewa ni hiki. Itazame sufuria kubwa kuliko zote. Ili ihame kutoka kushoto kwenda kulia, yale madogo yote lazima yawe yametoka ndani yake, na duara la kulia lazima liwe tupu. Sasa madogo yatakuwa wapi? Duara limebaki moja tu, la katikati. Yote yawe yamejikusanya hapo, yamemezana. Hakuna ujanja mwingine. Mjinga atafika hapo kwa hatua mia tatu, mwerevu kwa hatua chache, lakini wote watapita mlango huohuo.

Turudi kwenye visahani vyako saba. Ili cha saba, yaani kile kikubwa, kiende kulia, vile sita lazima vikusanyike katikati. Ili vile sita viende katikati, kile kikubwa miongoni mwao lazima kikute katikati pako wazi, kwa hiyo vitano vitakuwa vimesubiri kulia. Ili vitano viende kulia, vinne visubiri katikati. Ili vinne viende katikati, vitatu visubiri kulia. Vitatu viende kulia, viwili visubiri katikati. Viwili viende katikati, kimoja kisubiri kulia. Umefika kwenye kile kidogo cha juu kabisa, na jibu umelipata: kwa visahani saba, kidogo kianze safari yake kwa kwenda kulia.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa vinne. Vinne kulia, vitatu katikati, viwili kulia, kimoja katikati. Kidogo kinaanza kwa kwenda katikati.

Umeona? Kila unapoongeza kisahani kimoja, mwanzo unageuka upande. Mtoto alizoea kuanza katikati kwa sababu mchezo wake wa plastiki una visahani vinne. Akauchukua wa kwako, akaanza katikati kama kawaida yake, kisha akacheza bila kukosea hata mara moja, na mnara ukamfikisha katikati kama unavyopaswa kumfikisha. Mwambie mama yake hivyo, maana ni sifa kwa mtoto. Darasa la sita kuhamisha visahani saba bila kukosea si jambo dogo.

Mteja akija, usianze na saba. Mpe visahani vitatu tu kutoka kwenye mnara wako, vile vidogo. Tuseme A ni kile kidogo, B cha kati, D kile kikubwa. A kulia. B katikati. A juu ya B. D kulia. A kushoto. B juu ya D. A juu ya B. Hatua saba, mnara uko kulia. Halafu mrudishie mwanzo, mwambie aanze kwa kupeleka A katikati, aone atakakoishia. Hiyo ni dakika moja. Baada ya hapo ongeza cha nne, mwambie atabiri mwenyewe aanzie wapi. Akipatia, hatazungumzia tena kurudishiwa hela.

Kuna kingine cha kumwonyesha, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kile kidogo kinacheza kila baada ya hatua moja: hatua ya kwanza ni yake, ya pili ya mwingine, ya tatu yake, ya nne ya mwingine, hivyohivyo mpaka mwisho. Na zamu yake ikifika hakihangaiki kuchagua pa kwenda, kinazunguka tu. Idadi ikiwa witiri kinatoka kushoto kwenda kulia, kutoka kulia kwenda katikati, kutoka katikati kurudi kushoto, kisha kinaanza tena. Idadi ikiwa shufwa kinazunguka kinyume chake. Na zile zamu ambazo si zake? Hapo pia hakuna cha kufikiri. Usipokigusa kile kidogo, hatua inayoruhusiwa huwa ni moja tu. Angalia vijiti viwili ambavyo hakijakaa, kisahani kidogo kati ya vile viwili vya juu ndicho kinachohama, na kama kijiti kimoja ni kitupu, kinachohama ni kile kilichopo. Mtu anaweza kumaliza mnara wa visahani kumi huku anapiga soga, mradi asisahau zamu ni ya nani.

Akisahau, ndiyo balaa. Nimeona watu wazima wakifika hatua ya sitini na kitu, simu ikalia, wakarudi hawajui kama kile kidogo kimeshahama au bado. Nitakupa dawa yake nikifika kwenye mbao.

Hatua ni ngapi? Fuata mantiki ileile. Kuhamisha saba ni kuhamisha sita, kisha kile kikubwa hatua moja, kisha kuhamisha sita tena juu yake. Maana yake: idadi ya kabla yake mara mbili, ongeza moja. Kisahani kimoja hatua 1, viwili 3, vitatu 7, vinne 15, vitano 31, sita 63, saba 127. Hakuna anayeweza kumaliza saba kwa hatua 126, hata awe nani, kwa sababu ya ule mlango niliokuambia. Na hatua hizo hazigawanywi sawa. Katika saba, kidogo kinahama mara 64, kinachofuata mara 32, kisha 16, 8, 4, 2, na kile kikubwa cha chini, chenye mbao nyingi kuliko vyote, kinahama mara moja tu katika mchezo mzima. Mimi huwa najikumbusha kwamba kisahani kinachochakaa ni kidogo. Wewe kama fundi hilo likuguse: kidogo ndicho ukipige msasa vizuri na ukipake vanishi mara mbili, kwa sababu ndicho kinachoshikwa nusu ya mchezo.

Sasa ukaguzi. Kwako wewe si lazima uucheze hata hatua moja. Kucheza kunapima kichwa cha mchezaji, na kichwa chako hakiuzwi. Wewe unapima mbao. Chukua kila kisahani, kishushe kwenye kila kijiti mpaka chini, kitoke bila kukwama. Visahani saba kwa vijiti vitatu ni mara 21, dakika tano hazifiki. Kisha panga mnara mzima kwenye kijiti cha kwanza, uone kwamba kijiti kinachungulia juu kidogo, rudia kwenye cha pili na cha tatu, maana kijiti kifupi cha mwisho hugundulika mtoto akiwa kwenye hatua ya mwisho, na hapo utalaumiwa kwa haki. Kisha vipange visahani mezani bila vijiti, uone kama jicho linatofautisha kila kimoja na mwenzake. Tofauti ya milimita tatu kwenye kipenyo wewe utaiona kwa sababu umeikata mwenyewe, mtoto hataiona.

Kwenye matundu kuna jambo la hapa kwetu. Mbao nyingi tunazonunua zinatoka kwenye mikoa yenye unyevu kuliko Dodoma. Zikikaa hapa kiangazi, zinaendelea kukauka na kunywea, na mbao hainywei sawa pande zote: inanywea zaidi kukata nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Tundu ulilotoboa likiwa duara safi mwezi wa nne, mwezi wa tisa limekuwa la mviringo wa yai, na kisahani kinagoma kupita. Wengi hapo huongeza msasa kwenye kijiti, kisha mvua zikija kijiti kinacheza. Afadhali uziache mbao zikae karakanani wiki kadhaa kabla ya kuzikata, na tundu liwe pana kuliko kijiti kwa milimita mbili hivi. Mchezo huu haudai kubana. Visahani vikicheza kidogo kwenye kijiti hakuna kinachoharibika.

Ile dawa ya kusahau zamu ni rangi. Usitengeneze visahani vyote kwa mninga. Kata kimoja mninga, kinachofuata mbao nyeupe ya paini, kimoja mninga, kimoja paini, mpaka mwisho. Mtu akicheza kwa hatua chache kabisa zinazowezekana, wakati wowote wa mchezo kisahani cheusi hakikalii cheusi mwenzake wala cheupe hakikalii cheupe. Kila mara ni kupishana, kwenye vijiti vyote vitatu. Siku akiona mninga umekaa juu ya mninga, ajue amekosea hatua, arudi nyuma moja. Wanafunzi wangu walikuwa wanapaka chaki sufuria moja kwa kuruka nyingine kwa sababu hiyo, na sasa unajua mpishi alinuna kwa nini.

Ila tahadhari: rangi haimwambii aanzie wapi. Anayeanza upande usiofaa akacheza vizuri, rangi zitapishana vizuri mpaka atakapofika kijiti kisicho chake. Kwa hilo nina pendekezo lingine, na ningekuwa fundi ndilo ningelifanya. Usipange vijiti kwenye mstari. Kata ubao wa chini uwe duara au pembetatu, vijiti vitatu viwe kwenye pembe. Kwanza, ule mzunguko wa kisahani kidogo utaonekana kwa macho kama mkono wa saa, badala ya kuruka kutoka mwisho wa mstari kurudi mwanzo. Pili, hakuna tena kijiti cha katikati. Mnara ukifika pembe nyingine, mtoto anauzungusha ubao, biashara imeisha. Malalamiko ya yule mama yasingetokea kabisa.

Mteja wako wa visahani kumi mweleze kwanza anachokinunua. Kumi ni hatua 1,023. Ukihama kila baada ya sekunde mbili bila kupumzika, ni kama dakika 34. Inachezeka, lakini si kwa mtoto wa darasa la pili. Ishirini ni hatua 1,048,575, yaani siku 12 kwa sekunde moja kila hatua, bila kula wala kulala. Ukiombwa ishirini, chukua malipo ya awali.

Vipimo vya kumi, hivi vitakusaidia. Kisahani kidogo milimita 40, kila kinachofuata ongeza 10, kikubwa kitakuwa 130. Unene wa milimita 12 kila kimoja, mnara mzima ni 120, kwa hiyo kijiti kisimame kama 150 juu ya ubao. Kati ya kijiti na kijiti, katikati kwa katikati, weka 140. Kinachoamua hapo ni kile kikubwa na kile kinachomfuatia: watakaa jirani kwenye vijiti viwili, nusu ya 130 na nusu ya 120 ni 125, ukibakiza nafasi ya vidole. Ukipanga kwenye mstari, ubao wa milimita 430 unatosha. Kwenye pembetatu utatumia mbao pana zaidi, lakini ndiyo bei ya kutokusumbuliwa.

Wateja wanapenda hadithi, na mtoto atakuja kukuuliza habari za hekalu. Iko hivi. Hanoi ya kwenye jina ni mji mkuu wa Vietnam, lakini mchezo haukutoka huko. Ulitolewa Ufaransa mwaka 1883 na mwanahesabu Édouard Lucas, ukiwa na visahani vinane. Kwenye boksi hakuandika jina lake. Aliandika kwamba umetoka kwa N. Claus wa Siam, msomi wa chuo cha Li-Sou-Stian. Watu wakaamini ni elimu ya kale ya Mashariki ya Mbali. Kumbe alikuwa amevuruga herufi tu: yeye alizaliwa Amiens, na ukizipanga upya herufi za N. Claus de Siam unapata Lucas d'Amiens, na Li-Sou-Stian ni Saint-Louis, shule ya Paris aliyokuwa akifundisha. Mwalimu mwenzetu mtani. Huyu si wa kuchezea: mwaka 1876 alithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, ni namba tasa, namba yenye tarakimu 39, kabla ya kompyuta kuwepo. Nawe umeona 127 ndiyo idadi ya hatua za mnara wako. Imegongana tu, lakini nilitabasamu.

Pamoja na mchezo ikaja hadithi ya hekalu la Benares, India, ambako makuhani wanahamisha visahani 64 vya dhahabu kwenye sindano tatu za almasi, usiku na mchana, na wakimaliza dunia inakwisha. Haina umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe, kwa hiyo ichukue kama tangazo zuri la biashara. Hesabu yake ndiyo ya kweli. Hatua zinazohitajika ni 18,446,744,073,709,551,615. Kwa sekunde moja kila hatua, bila kukosea, ni miaka bilioni 584 na ushee. Ulimwengu wote, nyota na kila kitu, una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Mwambie mtoto aende shule kesho kama kawaida.

Vijana wanaosomea kompyuta nao wanaujua mchezo huu, maana kwenye masomo ya programu ni mfano maarufu wa programu inayojiita yenyewe: kuhamisha saba, iambie ihamishe sita, hatua moja, ihamishe sita tena. Mistari michache tu inamaliza kazi. Ukipata mteja wa aina hiyo, usihangaike kumweleza lolote, mtajie bei.

Na kama unataka kitu ambacho jirani yako hana, toboa tundu la nne. Weka vijiti vinne, sheria zilezile. Wengi hudhani kijiti cha ziada kinapunguza hatua kidogo. Kwa visahani saba zinashuka kutoka 127 mpaka 25. Kwa kumi, kutoka 1,023 mpaka 49. Mbinu yake ni kutenga vile vidogo vya juu kwenye kijiti kimoja kwa kutumia vijiti vyote vinne, kisha kuhamisha vilivyobaki kwa vitatu, kisha kuvirudisha vidogo juu. Ugumu ni kujua utenge vingapi. Kwa saba, tenga vinne, au vitatu, matokeo ni sawa. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 1941, lakini kuthibitisha kwamba kwa vijiti vinne hakuna njia fupi kuliko hiyo kulisubiri mpaka mwaka 2014, Mfaransa Thierry Bousch alipolifanya. Kwa vijiti vitano wanahesabu bado wanatafuta uthibitisho.

Kijiti cha nne unaweza kukifanya cha kuchomoa. Usikitie gundi. Mtoto akishaweza vitatu, mama yake atarudi kwako, na safari hii hatakuja kulalamika.